Kibandani kwangu mwaka wa gesi: gazeti lina nguvu gani juu ya siasa na mawazo ya watu? (Mtwara)

Mzee wa Kibanda

Wakuu salaam. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Niliuza magazeti Mtwara mjini, jirani na stendi, kwa miaka kumi na moja. Juzi nilikuwa msibani Mikindani. Tumekaa mkekani, vijana wawili nyuma yangu wanabishana kwa sauti ya chini. Mmoja anasema magazeti na redio ndivyo vinavyoendesha siasa ya nchi hii, vikikutaka unakuwa mtu, visipokutaka unapotea. Mwenzake anasema hakuna anayesoma magazeti, siasa ni tumbo. Sikuwaingilia, msiba ni msiba. Ila maneno yao nimelala nayo siku tatu, kwa sababu jibu ninalo na nililipata nikiwa nimesimama nyuma ya meza yangu. Naliandika hapa, mtakaponiona nimekosea mnisahihishe.

Mwanzo mjue gazeti lilikuwa linafikaje huku. Barabara ya kutoka Dar ilikuwa na kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, masika yakishika basi linalala hapo. Furushi langu lilifungwa kamba ya katani, na kamba ilikuwa inakata gazeti la juu na la chini kabisa, hayo siuzi, nampa mama wa karanga anafungia. Gazeti la Jumatatu mara nyingi niliuza Jumanne. Na kabla halijafika, redio zilikuwa zimeshasoma vichwa vya habari tangu alfajiri. Mteja wangu alikuwa anakuja na kichwa cha habari mdomoni.

Na wengi hawakununua. Walisimama. Mikono nyuma, shingo mbele, wanasoma kurasa za mbele nilizozitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Asubuhi nzuri wanasimama watu thelathini, wananunua wanne. Mmoja anayesoma vizuri anawasomea wenzake, mjadala unaanza pale pale, wanaondoka nao kwenda sokoni, kwenye kahawa, majumbani. Siku za mwanzo nilikuwa nawafukuza. Baadaye nikaacha, maana niliona kibanda kimekuwa baraza la watu ambao hawana baraza jingine.

Kwa hiyo kilichosomwa Mtwara ni kichwa cha habari. Maelezo ya ukurasa wa tano, ambako mwandishi amemtafuta na mtu wa upande wa pili, yalikuwa ya wale wanne waliolipa.

Ndipo ukaja mwaka wa gesi.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Miaka thelathini watu wa Msimbati wamekaa juu yake wanaambiwa ipo. Novemba 2012 likawekwa jiwe la msingi la bomba la zaidi ya kilomita 500 kuipeleka Dar es Salaam. Tarehe 27 Desemba watu wakaandamana hapa mjini, na mimi nilikuwamo. Tulichokuwa tunasema ni hiki: gesi isafishwe huku, umeme uzalishwe huku, viwanda vijengwe huku, vijana wetu wafundishwe kazi. Lakini bango linabeba maneno machache, na machache yaliyoshika yakawa mawili: GESI HAITOKI.

Maneno mawili hayo yanaenea vizuri ukurasa wa mbele. Unayaweka kwa herufi kubwa, mtu anayasoma akiwa juu ya baiskeli. "Tunaomba kiwanda cha kusafisha gesi kijengwe mkoani" hayaenei. Ndani ya siku chache swali la nchi nzima likawa: rasilimali ni ya mkoa au ya taifa? Rais Kikwete kwenye hotuba yake ya kufunga mwaka akasema rasilimali za nchi ni za Watanzania wote. Ni kweli kabisa, na mimi sikumsikia mtu wa Mtwara akikataa. Ila hilo halikuwa swali letu. Sisi tuliuliza "na sisi tutapata nini?", tukajibiwa "hamuwezi kuila peke yenu."

Shemeji yangu yuko Mwanza, mtu mwema, tumekula naye Idi nyingi. Alinipigia simu Januari ile akaniuliza, "Shemeji, nyie watu wa Kusini mnataka kujitenga?" Nikamuuliza umeyatoa wapi hayo. Akasema, "Si ndiyo magazeti yanayosema." Nikamwambia ataje gazeti lililoandika neno kujitenga. Hakulipata. Hakuna lililoandika, angalau katika niliyoyauza mimi. Lakini alikuwa amelisoma. Vichwa kumi vilivyopangwa siku kumi vilikuwa vimemjengea neno ambalo hakuna aliyeliandika.

Mwanangu aliyesomea uandishi wa habari akanieleza kwamba jambo hili lina wataalamu wake. Marekani, uchaguzi wa 1968, maprofesa wawili, Maxwell McCombs na Donald Shaw, waliwahoji wapiga kura 100 wa mji wa Chapel Hill ambao walikuwa hawajaamua. Wakalinganisha: vyombo vya habari vimetoa nafasi kubwa kwa jambo gani, na wapiga kura wanasema jambo gani ndilo zito. Vikafanana sana. Mwanangu akasema, baba, gazeti halikwambii uwaze nini, linakwambia uwaze kuhusu nini. Nikamwambia hiyo nimeiona kwa shemeji yangu bila uprofesa.

Mwisho wa Januari yakatokea ya Masasi, ofisi na magari yakachomwa, watu wakafa. Waziri Mkuu Pinda akaja, akakaa na makundi ya watu, akaeleza kwamba mitambo ya kusafisha gesi itajengwa huku. Joto likashuka. Mimi naamini lilishuka kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alijibu swali lililoulizwa.

Lakini imani kwa magazeti ilikuwa imeshakufa, na hilo ndilo lililotuponza Mei. Asubuhi moja nilikuta katikati ya magazeti yangu kumepenyezwa kipeperushi. Nusu karatasi, imetolewa nakala ya nakala mpaka herufi zimekuwa kijivu, haina jina la mwandishi wala anwani. Kinawaambia watu siku ya bajeti ya Nishati na Madini wafunge biashara wasikilize. Wenzangu, watu walikisoma kile kuliko gazeti lolote nililowahi kutundika. Walikipokezana kwa mikono miwili. Na meseji za simu zilikuwa zinazunguka zikisema hivyo hivyo.

Tarehe 22 Mei 2013 Waziri Sospeter Muhongo akasoma bajeti, bomba liko pale pale. Mji ukawaka. Nyumba zikachomwa, daraja la Mikindani likaharibiwa, watu wakapoteza maisha, wanajeshi wakaletwa. Miongoni mwa nyumba zilizochomwa ilikuwamo ya mwandishi wa televisheni ya taifa. Hiyo iliniuma kwa namna yake. Ni mtu aliyekuwa anaishi nasi hapa, anaadhibiwa kwa hasira ambayo watu walikuwa nayo kwa habari zote za miezi mitano, alizoandika na asizoandika.

Kwa hiyo jibu langu kwa wale vijana wa msibani: gazeti lina nguvu, tena kubwa, nayo ni nguvu ya kuchagua swali. Na likilichagua vibaya mara nyingi mfululizo, watu hawabaki hivi hivi. Wanatafuta karatasi nyingine.

Naomba michango, hasa ya walioona.

Mliwale

Mzee shikamoo. Uzi mzuri ila naomba nikupinge.

Mimi mzaliwa wa Liwale. Aprili 2013, mwezi mmoja kabla ya hayo yako ya Mei, kwetu ziliungua nyumba kwa sababu ya korosho. Wakulima walikuwa wanasubiri malipo ya pili ya shilingi 600 kwa kilo, wakaletewa 200. Hakuna gazeti lililowaambia wakasirike. Liwale yenyewe gazeti unaliona likiwa limefungia maandazi. Baba yangu hajui kusoma, ila anajua kilo alizopeleka ghalani na anajua shilingi aliyoahidiwa. Yule kijana wa msibani aliyesema siasa ni tumbo, mimi niko naye.

Nadhani tunawapa waandishi ukubwa ambao hawana. Mtwara mngeandamana hata kama nchi hii isingekuwa na gazeti hata moja.

Mzee wa Kibanda

Marahaba mwanangu. Hasira nakubali, ilikuwa ya kwenu na haikuhitaji mwandishi. Nami sikusema gazeti linaleta njaa.

Nakuuliza jambo moja. Watu wa Arusha, watu wa Kigoma, walijua nini kuhusu Liwale wiki ile? Mimi magazeti ya wiki ile niliyauza na niliyasoma yote, maana biashara ilikuwa ndogo. Niliona nyumba ngapi zimeungua na za akina nani. Hiyo hesabu ya 600 na 200 uliyoiandika hapa kwa mstari mmoja, niliipata katikati ya habari, chini, mtu aliyesimama kibandani haioni. Baba yako alijua kwa nini. Nchi ilijua nini kimetokea. Na wanaotunga sheria na kugawa fedha wako upande wa nchi.

Kalamu ya Lindi

Wakubwa, nimesoma mpaka nimeshindwa kuendelea na kazi. Mimi ndiye niliyekuwa natuma baadhi ya habari hizo. Nilikuwa mwandishi wa kujitegemea, Lindi na Mtwara, kwa gazeti ambalo sitalitaja. Nimeshaacha.

Mnatakiwa mjue jikoni kulivyo. Mwandishi wa mkoani hana mshahara. Analipwa kwa habari iliyotoka, siyo aliyoandika. Nauli ya kutoka mjini kwenda Msimbati na kurudi ilikuwa inazidi malipo ya habari yenyewe. Sasa utafikaje Msimbati? Utafika ukiwa ndani ya gari la msafara wa kiongozi. Umepanda gari lake, umekula chakula cha msafara, mwisho umepewa bahasha ya nauli ambayo hukutoa. Jioni unakaa kuandika, na wale wavuvi uliowaona dirishani hukushuka kuwasalimia kwa sababu msafara haukusimama. Nilizipokea hizo bahasha. Nilikuwa na watoto wawili na kodi ya nyumba. Sijisifu na sifichi.

Desemba 2012 nilijitahidi. Nilikodi bodaboda kwa hela yangu, nikakaa na wazee na vijana siku mbili, nikajaza daftari. Nikatuma habari ndefu, madai yote yamepangwa moja moja, na maelezo ya kwa nini kila moja. Ilitoka aya tatu. Kichwa cha habari sikukiandika mimi, aliyekiandika hajawahi kuvuka Rufiji. Nilipopiga simu kuuliza, nikaambiwa ukurasa ulijaa.

Wiki iliyofuata kijana mmoja wa Magomeni ya hapa Mtwara, niliyemhoji mwenyewe, alinikuta sokoni akaniambia, "Umetuuza kaka." Sikuwa na la kumjibu. Daftari ninalo mpaka leo.

Mama Kitangari

Hamjambo wanangu, na wewe kaka wa kibanda habari za siku.

Huku Newala sisi akina mama gazeti hatulisomi kibandani, tunasikia redio tukiwa tunabangua korosho. Kwa hiyo mimi nazungumzia nilichosikia.

Msimu wa 2018 wakulima walikataa bei kwenye minada, mnakumbuka. Novemba Rais Magufuli akasema Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litazisomba. Mawaziri wawili, wa Kilimo na wa Viwanda na Biashara, walikuwa wameshaondolewa. Jamani ile habari ilivyosikika! Asubuhi, mchana, usiku, 3,300, 3,300. Mtoto wa darasa la pili alikuwa anaiimba. Wafanyabiashara wa mji wakaanza kutukopesha bati na saruji kwa kusikia tu redioni. Mimi nilichukua bati ishirini na nne.

Kisha ukaja uhakiki. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 aonyeshe shamba, ili wapatikane wa kangomba, wale wanaonunua korosho za wakulima kwa bei ya chini nje ya mnada. Sawa, kangomba ni wizi, tena wanatulangua wakati wa njaa. Lakini malipo yangu yakachelewa, na ya jirani yangu yakachelewa zaidi. Januari tukasikia kampuni ya Kenya imesaini kununua tani laki moja. Ikapigwa tena, asubuhi, mchana, usiku. Mei mkataba ukaachwa. Hiyo ya kuachwa niliisikia mara moja, nikiwa kisimani, mtu ananisimulia.

Ninachosema mimi ni hiki. Ahadi ikitoka, wanaileta kwa ngoma. Ikishindikana, inapita mlango wa uani. Na mwenye deni la bati haji kuulizwa. Miezi ile yote hakuna mwandishi aliyegonga kwangu, wala kwa mtu yeyote wa mtaa wetu, kuuliza "mama umelipwa?" Angeuliza kaya kumi tu za Kitangari angekuwa na habari kubwa kuliko zote.

Mliwale

Mama shikamoo. Hapo kwenye bati nimekuelewa. Redio ilifanya watu wakakopa. Nakubali ni nguvu.

Mwalimu Nachi

Nimefundisha historia Nachingwea miaka mingi, naomba nilete jambo la kwetu ambalo wengi hawalifungamanishi na magazeti.

Vijana wanaambiwa bandari ya Mtwara na ile reli iliyokuwapo ya kwenda Nachingwea zilitokana na mradi wa karanga wa Waingereza. Ni kweli. Baada ya vita Uingereza ilikosa mafuta ya kula, serikali ya chama cha Labour chini ya Attlee ikaanzisha mradi 1947: Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Magazeti yao mwanzoni yaliushangilia. Matrekta, ekari mamilioni, Afrika inafunguliwa. Mitambo ilipoanza kuvunjika kwenye udongo wa Kongwa na mvua kukataa, kalamu zile zile zikageuka. Waziri wa Chakula, John Strachey, akawa anajibu maswali kila siku. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa na pauni milioni 36 zikaandikwa kuwa hasara. Neno "karanga" likawa tusi kwenye siasa za Uingereza, wapinzani wakilitamka bungeni kila mtu anaelewa. Oktoba mwaka huo Labour wakaondoka madarakani. Sisemi ni karanga peke yake, yalikuwapo mengi, lakini karanga zilikuwa mdomoni.

Ninachowafundisha wanafunzi ni kuuliza: katika kelele zote hizo, nani alikuwa mwenye habari? Alikuwa mlipa kodi wa Uingereza. Pauni zake zilihesabiwa mpaka ya mwisho. Watu ambao misitu yao ilisukumwa kwa minyororo huku Nachingwea, waliohama, walioajiriwa kisha wakaachwa, hao walikuwa mandhari ya picha. Reli ilifungwa 1962. Mzee wa Kibanda, umesema gazeti linachagua swali. Naongeza: linachagua na anayeulizwa.

Na kwa wanaosema kalamu haina nguvu, mkumbuke 1958. Mwalimu Nyerere alishitakiwa kwa makala aliyoiandika kwenye Sauti ya TANU kuhusu mabwana shauri wawili, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni. Kijarida kidogo tu. Akatozwa faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Serikali yenye bunduki na magereza isingehangaika na kijarida kama maneno yake hayafiki kokote.

Mtama Kwetu

Nakazia ya mwalimu, na nataka kuongeza la Bunge.

Hapo zamani kidogo, kijijini kwetu kulikuwa na televisheni moja ya dukani, inatumia jenereta. Siku za bajeti mwenye duka anaigeuzia nje. Watu wanatoka shamba mapema. Januari 2016 ikatangazwa bungeni kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao moja kwa moja, gharama ni bilioni 4.2 kwa mwaka. Wabunge wa upinzani wakakataa, polisi wakaingia ukumbini.

Watu walilia kwamba hatutawasikia wabunge wakizungumza. Mimi nililia kwa kinyume chake. Kwenye habari ya usiku unaletewa aliyesema. Aliyenyamaza haonekani. Zamani tulikuwa tunamwona mbunge akiwa amekaa kimya siku nne za mjadala wa korosho, anaangalia simu, na akirudi jimboni kuomba kura tunamuuliza. Habari ya dakika mbili haiwezi kuonyesha kimya cha siku nne, hata ikiandikwa na mwandishi mwaminifu kuliko wote.

Mzee wa Kibanda

Mtama Kwetu, hilo la kimya limenigusa.

Umenikumbusha Septemba 2013. Mwananchi lilifungiwa siku 14, Mtanzania siku 90, kwa ile Sheria ya Magazeti ya 1976. Furushi likaja jembamba. Nikatundika yaliyokuwapo, upande mmoja wa kamba ukabaki na vibanio vitupu. Nilidhani watu watapungua. Hawakupungua. Walisimama vile vile, mikono nyuma, na kwa kuwa hakuna cha kusoma upande ule wakawa wanasimuliana wenyewe kilichofanya yafungiwe. Siku ya kwanza nilisikia sababu mbili. Siku ya nne nilihesabu saba, na nyingine za kutisha. Ilikuwa miezi minne tu tangu mji uungue, na mimi moyo ulikuwa unakwenda mbio kila nikisikia sauti ikipanda.

Kando ya Ruvuma

Wakubwa shikamooni wote. Mimi kijana, sikuwa na akili mambo ya 2013, ila la kipeperushi nimeliona kwa sura nyingine.

Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, huku kwetu kando ya mto, kilivamiwa na watu waliovuka kutoka Msumbiji. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Mkuu wa Jeshi la Polisi, Simon Sirro, alikuja kuthibitisha hadharani baada ya siku kadhaa. Siku hizo kadhaa tuliishi kwa sauti za WhatsApp. Unapokea sauti ya mtu anahema, anasema wameshafika mahali fulani. Hujui ni nani, hujui ni lini. Mtu anaipeleka kwenye kundi la ukoo, inakwenda kundi la kanisa, inarudi kwako ikiwa na jina la kijiji kingine.

Shangazi yangu alipokea moja saa tano usiku. Akawabeba wajukuu wawili, mmoja mgongoni, akatembea gizani mpaka Nanyamba. Hakukuwa na mtu aliyefika kijijini kwao usiku ule. Mtoto wa mgongoni alishikwa na homa siku tatu. Nilimuuliza shangazi kwa nini hakusubiri kusikia redio. Akanijibu, "Redio ilikuwa inapiga muziki."

Sisemi vyombo vya habari vitangaze siri za ulinzi. Lakini mtu mmoja mwenye jina, anayeaminika, aseme tu kwamba barabara ya kwetu iko salama usiku huu, kaeni majumbani. Shangazi angelala.

Mliwale

Nimekaa na huu uzi tangu jana. Mzee, nabadilisha kidogo nilichosema. Tumbo linaleta hasira, hilo sitoki. Lakini hasira inakwenda wapi, nadhani inategemea umesikia nini na kwa nani.

Swali langu kwa Kalamu ya Lindi: lile daftari lina nini ambacho hakikutoka?

Kalamu ya Lindi

Mliwale, lina kila kitu. Majina sitayaweka, niliahidi.

Mzee wa Kibanda

Kaka, sijui kama ninaruhusiwa kukuomba hili. Yaandike hapa madai tu, bila majina. Kiwanda cha kusafisha kipo Madimba, bomba lilizinduliwa Oktoba 2015, hakuna tena wa kukuambia ukurasa umejaa. Shemeji yangu wa Mwanza yuko hai, nitamtumia. Na yule kijana wa Magomeni, kama yuko hai na yeye, atayaona.

Kalamu ya Lindi

Nimelitoa sandukuni. Lina jalada la Mlima Kilimanjaro, mchwa wamekula pembe moja lakini maandishi yamesalimika. Kalamu ya bluu, na mahali pengine penseli, maana wino uliisha tukiwa Msimbati.

Naanza na la kwanza, nalinakili kama nilivyoandika siku ile, nimekaa chini ya mnazi na mzee mmoja mvuvi:

"Anasema hawakatai bomba. Anasema wanataka kujua mtambo wa kusafisha utakaa wapi, kwa sababu kwenye mtambo ndiko kwenye kazi, na mwanawe amemaliza kidato cha nne, anavua pweza. Anauliza kama kuna mtu wa kumwambia ni masomo gani mtoto asome ili aajiriwe pale. Nimemwambia nitauliza."

Sikuuliza. Kurasa ni thelathini na moja, umeme umekatika na simu ina chaji kidogo. Nitaendelea asubuhi.